Meza na Sinia

Neno meza, ambalo halina udugu na kumeza ijapokuwa ladhaniwa hivyo, tumeachiwa na Wareno, ambao merikebu zao zilifika pwani yetu mwaka 1498; ama sinia, ambalo wazee wetu walilizunguka juu ya jamvi, latokana na Kiarabu, na asili ya maana yake ni kitu cha Uchina. Basi wewe uliyeazimia kupamba chumba cha kulia, kabla hujaghurika na nakshi za seremala, pima: kila mlaji ahitaji yapata sentimita 60 za ukingo wa meza, na nyuma ya viti ibaki nafasi ya sentimita 90, ili mwandazi apite na bakuli la mchuzi pasina kummwagia mtu. Na jamvi usilitupe. Wageni wakizidi viti, sinia moja latosha watu wanne.