Tanzania: Jinsi udongo wa Dodoma unavyoumba ladha ya mvinyo

Mashamba makubwa ya mizabibu duniani yako mbali na Ikweta, katika nchi ambazo majira ya baridi huupumzisha mmea huo kila mwaka. Katika nchi jirani ya Tanzania, mkoani Dodoma, mzabibu umestawi nyuzi 6 tu kusini mwa Ikweta, nao huvunwa mara mbili kwa mwaka. Wamisionari Wakatoliki waliupanda huko katika miaka ya 1950. Hivi leo zabibu nyekundu iitwayo Makutupora na ile nyeupe iitwayo Chenin Blanc ndizo zinazojulikana zaidi katika mvinyo wa mkoa huo.

Husemwa mara nyingi kwamba mvinyo hubeba ladha ya ardhi ulikotoka, na Wafaransa wana neno lao kwa jambo hilo, terroir. Usemi huo una ukweli, lakini si kwa namna wengi wanavyoudhania.

Dodoma imekaa juu ya mwamba wa itale wenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Mwamba huo unapomomonyoka huacha udongo wa kichanga, mwingi wake mwekundu, kwenye miinuko na miteremko. Chembe laini husombwa na maji hadi mabondeni, zikawa udongo mweusi wa mfinyanzi uitwao mbuga, unaonata wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika, aliufananisha mpangilio huo wa Afrika Mashariki na mnyororo, akauita kwa Kilatini catena mwaka 1935. Jina hilo sasa hutumiwa na wanasayansi wa udongo duniani kote. Wagogo nao husimulia kwamba jina la Dodoma latokana na idodomya, yaani "imezama", kwa sababu ya tembo aliyekwama matopeni alipokwenda kunywa maji. Palipomshinda tembo, mzabibu hauwezi kufurahia: mizizi yake huhitaji hewa, na maji yaliyotuama huiozesha. Ndiyo maana mchanga unaopitisha maji huufaa zaidi kuliko mbuga.

Je, mnywaji huonja mwamba wenyewe? Katika eneo la Chablis, Ufaransa, mizabibu humea juu ya mawe ya chokaa yaliyojaa magamba ya chaza wadogo walioishi baharini miaka milioni 150 hivi iliyopita, na wako wanaoapa kwamba huyaonja magamba hayo katika bilauri. Mwanajiolojia Alex Maltman wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth, Wales, amelipinga wazo hilo kwa miaka mingi. Jiwe halina ladha kwa kuwa haliyeyuki mdomoni. Mizizi nayo haifyonzi jiwe, bali maji yenye chumvichumvi chache zilizoyeyuka, na kiasi cha madini kinachofika katika mvinyo ni kidogo mno kwa ulimi kukitambua.

Kazi kubwa ya udongo ni kugawa maji. Gérard Seguin, mtafiti wa Bordeaux, aligundua kwamba mvinyo bora wa huko hutoka katika udongo wa aina tofauti kabisa, ila wote huupa mmea maji kwa kiasi, bila kuufurikisha wala kuukausha. Mzabibu unaoonja kiu kidogo huacha kurefusha matawi, nguvu zake zikaelekea kwenye matunda. Zabibu hubaki ndogo, ganda likawa kubwa kwa kulinganisha na maji yaliyomo ndani. Ganda ndilo lenye rangi, sehemu kubwa ya harufu, na tanini, ile hali ya kukausha ulimi kama chai ya rangi iliyokolea. Rutuba pia ina neno lake: nitrojeni ikizidi, majani husitawi na kuyafunika matunda, potasiamu ikizidi, ukali wa mvinyo hupungua ukawa kama uliopooza.

Mvua ya Dodoma, ambayo kwa mwaka haifiki milimita 600 kwa wastani, hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili. Zabibu za Februari na Machi huiva katikati ya mvua, zikinywa maji bila kipimo na kukabiliwa na magonjwa ya ukungu. Zile za Agosti na Septemba huiva wakati wa ukame na usiku wa baridi, na hapo mkulima mwenye maji ya kumwagilia ndiye anayeamua mmea unywe kiasi gani. Lakini zabibu huuzwa kwa kilo, na maji huongeza uzito. Mkulima anayeinyima mizabibu yake maji ili ladha ikolee hupunguza kilo zake mwenyewe, katika mkoa ambao wakulima wamewahi kulalamikia kukosa wanunuzi wakati wa mavuno.

Maji yenyewe yana washindani. Visima vya Makutupora, eneo lililoipa zabibu nyekundu jina lake na lenye kituo cha utafiti wa zabibu, ndivyo vilivyotegemewa kwa miongo mingi kuinywesha Dodoma mjini. Vipimo vya zaidi ya miaka 50, vilivyochapishwa mwaka 2013, vilionyesha kwamba maji ya chini ya ardhi hapo hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, baadhi yake ikiwa ya El Niño. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, mji umekuwa ukipanuka na mahitaji yake ya maji kuongezeka.