UZI: Ati Waislamu na Wakristo wa Pwani ni wageni kwa wenzao?

1/ Msimu wa siasa ukikaribia, huku kwetu Kisauni, Likoni na Changamwe lazima usikie hili jukwaani: "Wale si wenzetu, dini yao na yetu haziingiliani." Sitaji mtu wala chama. Nataka tu tuulize historia. Twende polepole.

2/ Uislamu ulianza Makka mapema karne ya 7. Qurani inawataja Adam, Nuhu, Ibrahim, Yusuf, Daudi na Isa. Nabii anayetajwa kwa jina mara nyingi zaidi ni Musa. Sura ya 19 inaitwa Maryam. Mayahudi na Wakristo wanaitwa Watu wa Kitabu.

3/ Watu hao walikuwa majirani. Mtume alipohamia Madina mwaka 622, alikuta koo za Kiyahudi pale. Mwanzoni Waislamu waliswali wakielekea Jerusalem, kisha kibla kikageuzwa kuelekea Kaaba. Sitawaficha: Madina kulikuwa na mapatano, na vita pia vilikuweko.

4/ Sasa hii wengi hawaambiwi. Karibu mwaka 615, kabla ya Madina, Waislamu walioteswa Makka walikimbilia Habasha, majirani zetu hapo kaskazini. Masimulizi ya Kiislamu yasema Jaafar bin Abi Talib alimsomea mfalme Najashi, Mkristo, aya za Surat Maryam, na mfalme akakataa kuwarudisha. Manake wakimbizi wa kwanza wa Kiislamu walihifadhiwa Afrika, na Mkristo.

5/ Turudi Mombasa. Mwaka 1844 Krapf, mmisionari Mjerumani, alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Nani alimsaidia? Kadhi wa Mombasa, Ali bin Modehin. Walibishana kuhusu dini, lakini Adamu, Nuhu na Ibrahimu hawakuwa wageni kwa yeyote kati yao.

6/ Ndiyo maana leo kanisani Changamwe na msikitini Likoni utasikia maneno yale yale: nabii, malaika, shetani, dhambi, Injili. Yametufikia kupitia Kiarabu. Kiebrania cha Mayahudi nacho kina navi, malakh na satan. Sikiza tu yanavyofanana.

7/ Je, dini ni moja? La. Mkristo anaamini Yesu ni Mwana wa Mungu na alisulubiwa, Mwislamu anakataa yote mawili, na Yahudi hamkubali kuwa Masihi. Hitilafu hizo ni za kweli na hazitaisha kwa uzi huu. Lakini ni ubishi wa watu wanaomjua Ibrahimu mmoja.

8/ Chukua Mahakama za Kadhi, zilizozua joto kubwa kwenye kura ya maamuzi ya 2010. Kifungu cha 170 cha Katiba kinazipa mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, tena pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Mkristo hawezi kuburutwa kwa kadhi. Anayekutisha nayo ama hajasoma, ama anajua usivyosoma.

9/ Kwa hivyo akija mtu kukwambia jirani yako ni mgeni, muulize kwanza kuhusu maji na hatimiliki za ardhi. Foleni ya feri Likoni haiulizi mtu dini yake.

Mwisho wa uzi. Mwenye swali aulize, matusi hapana.