KIA: uwanja uliojengwa ili tusipitie Nairobi

Desemba 18, 2013 watu wa Kisongo, nje kidogo ya jiji la Arusha, walishuhudia kioja. Boeing 767 ya Ethiopian Airlines, iliyokuwa imetoka Addis Ababa ikielekea Kilimanjaro International Airport, ilitua kwenye kiwanja kidogo cha Arusha, pale wanapopandia vijindege vya kwenda Serengeti. Wakati ule njia ya kurukia ilikuwa na mita 1,620 tu. Dege likakata breki, likaishia kwenye majani. Hakuna aliyeumia, ila kiwanja hakikuwa na ngazi ya kufikia mlango wa ndege ya ukubwa ule, basi abiria wakakaa ndani kwa saa kadhaa wakichungulia dirishani. Siku chache baadaye ikarushwa bila abiria mpaka KIA, mwendo wa dakika chache tu.

Bongo nzima ilicheka. Lakini kioja kile kina swali ndani yake: kwa nini uwanja mkubwa wa kaskazini uko kule kwenye tambarare kavu kati ya Moshi na Arusha, mbali na miji yote miwili?

Jibu lake linaanzia Nairobi. Miaka ya 1960 mtalii aliyetaka kuiona Serengeti au kuupanda Kilimanjaro alitua Embakasi, akalala hoteli ya Nairobi, akapanda gari la kampuni ya Nairobi, akavuka Namanga. Wanyama na mlima vilikuwa vyetu, hela nyingi ikabaki kwa jirani. Serikali ya Mwalimu Nyerere ikaona dawa ni kuwa na uwanja wake, wa kupokea ndege kubwa moja kwa moja kutoka Ulaya. Ukajengwa kwa mkopo kutoka Italia, ukafunguliwa Desemba 2, 1971, ukiwa na njia ya kurukia ya mita 3,600 hivi. Tambarare ile ilifaa kwa sababu nafasi ilikuwepo ya kutosha, na miji yote miwili, Moshi na Arusha, ingehudumiwa na uwanja mmoja.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, East African Airways ikafa nayo, na Tanzania ikaufunga mpaka na Kenya. Kwa mahesabu ya karatasi, hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya KIA kung'ara. Haikung'ara. Mtalii hafuati uwanja, anafuata ndege, hoteli na barabara, na vitu hivyo wenzetu walikuwa navyo vingi zaidi. Mpaka ulipofunguliwa tena mwaka 1983, mabasi madogo ya Nairobi kwenda Arusha yakawa na kazi kama kawaida. Hata leo yapo, na yanajaa.

Mwaka 1998 uendeshaji ukakabidhiwa kwa KADCO, kampuni ambayo wanahisa wake wakubwa walikuwa Mott MacDonald ya Uingereza na mfuko mmoja wa uwekezaji wa Afrika Kusini, huku serikali yenyewe ikiwa na hisa chache. Miaka kumi na kitu baadaye serikali ikazinunua hisa zote, lakini jina la KADCO likabaki, na bungeni watu hawakuchoka kuhoji kwa nini kampuni ya serikali inaendesha uwanja wakati kuna Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Hoja hiyo ilikwisha Novemba 2023, mamlaka ilipokabidhiwa uwanja.

Tukija kwenye huduma, tusiwe wachoyo wa sifa. Jengo la abiria lilikarabatiwa kati ya 2014 na 2017 kwa msaada mkubwa wa Uholanzi, na uwezo wake ukapanda hadi abiria milioni 1.2 kwa mwaka. Viza unapata ukifika, hela unabadilisha hapo hapo, kahawa ipo. Hakuna yale madaraja ya kukutoa ndegeni hadi ndani ya jengo; unashuka ngazi na kutembea kwa miguu, na jioni ya anga safi mlima wenyewe unakupokea. Hilo mimi nisingependa libadilishwe.

Shida yangu iko nje ya mlango. Mgeni anasubiriwa na dereva aliyeshika kibao chenye jina lake. Mwanafunzi aliyetoka Dar kwa ndege ya bei poa anasubiriwa na bei ya teksi, ambayo anaanza kuibembeleza huku ameburuta begi. Uwanja ulipangwa ukimfikiria mtu ambaye gari lake limelipiwa tangu Ulaya, na baada ya nusu karne mpangilio haujabadilika sana. Ukitaka kwenda kwa hela ya kawaida, panda gari la Moshi–Arusha, mwambie konda akushushe njia panda ya KIA. Kutoka pale bado kuna kilomita kadhaa, na wenye bodaboda wanajua kabisa kwamba una haraka.