Uvimbe Sugu wa Tezi Dume na Ukimya wa Wanaume

Tezi dume ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu, kinachozunguka mrija wa mkojo na kutengeneza sehemu ya majimaji ya shahawa. Ikipata uvimbe wenye maumivu kwa miezi 3 au zaidi, uvimbe huo huitwa sugu. Mwanamume huumwa kinena, kiuno au msamba, hukojoa mara kwa mara huku akiungua, na pengine huumia katika tendo la ndoa. Hali hii si saratani, wala si ule utanukaji wa tezi unaowajia wazee. Huwapata hata vijana.

Hapo ndipo nyumba nyingi huingiwa na mashaka. Mke hudhani mumewe ameleta ugonjwa kutoka nje. Mume, kwa aibu, hunyamaza na kuhamia mkekani. Magonjwa ya zinaa yaweza kuwa chanzo, lakini hilo husemwa na vipimo, si na majirani. Kwa wagonjwa zaidi ya 9 kati ya 10, vipimo havionyeshi bakteria yeyote. Hao hawaponywi na antibiotiki za nusu dozi zinazonunuliwa dukani. Husaidiwa na dawa za maumivu, dawa za kulegeza misuli ya shingo ya kibofu, mazoezi ya nyonga, na subira. Bakteria akipatikana, dawa humezwa kwa wiki 4 hadi 6, hata kama maumivu yametulia mapema.

Kwa watu wa bonde la Ruvuma kuna jambo la kuongeza. Alimaye mpunga au kuvua katika maji baridi aweza kupata kichocho, ambacho mayai yake hukwama kibofuni na hata ndani ya tezi dume. (Mvuvi wa baharini Msimbati hana hofu hiyo akiwa kazini: konokono wa kichocho haishi katika maji chumvi.) Damu katika mkojo au shahawa isifichwe. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, hupimwa kwa uzito wa mgonjwa.

Mwenye homa kali, au aliyeshindwa kabisa kukojoa, afikishwe siku hiyohiyo Ligula, Ndanda au hospitali nyingine iliyo karibu. Wengine waende mapema. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, hatenganishi sala na tabibu. Na ingefaa mke afuatane na mumewe, ayasikie maelezo ya daktari kwa masikio yake mwenyewe.