Siri Iliyokuwa Ndani ya Sindano

Tembea Jogoo Road ukisoma makaratasi yaliyobandikwa kwenye nguzo za stima. Kurudisha mpenzi, kupata kazi, nguvu za kiume, na hapo katikati, bawasiri. Dawa yenyewe haitajwi jina. Unapewa namba ya simu na ahadi, basi.

Ukidhani hii ni tabia ya Eastlands pekee, historia itakucheka. Mwaka 1869 daktari John Morgan wa Dublin alidunga bawasiri kwa chumvi ya chuma. Mwaka 1871 jamaa mmoja aitwaye Mitchell, wa mji mdogo wa Clinton kule Illinois, Marekani, akaja na mchanganyiko wake: asidi ya kaboli, ambayo leo tunaiita fenoli, ndani ya mafuta ya zeituni. Aliifanya siri. Siri ikauzwa kwa watu waliozunguka mji hadi mji wakidunga wagonjwa, kisha wakahama kabla ya kidonda kuonekana.

Mwaka 1879 Edmund Andrews, daktari wa upasuaji wa Chicago, alikusanya habari za wagonjwa zaidi ya 3,300 waliopitia mikono hiyo. Wengi walikuwa wamepata nafuu. Wengine walipata majipu na maumivu makali, na wapo waliokufa. Mimi niliacha chuo na sina cheti cha kitu chochote, lakini hesabu hiyo naielewa: dawa ilifanya kazi, ila ilikuwa kali mno, na mdungaji hakuwa na wa kumuuliza.

Madaktari hawakuitupa. Waliipunguza makali. Fenoli asilimia 5 ndani ya mafuta ya lozi ndiyo ikawa sindano ya kawaida. Hudungwa juu, kwenye shina la uvimbe, mahali ambapo mwili hausikii uchungu mkali. Inawasha nyama, kovu linajengeka, damu inapungua na uvimbe unanywea. Inafaa bawasiri changa: ile inayotoa damu bila kutokeza, au inayotokeza na kurudi yenyewe. Ubaya wake ni kwamba bawasiri inaweza kurudi, na kwa mwanamume sindano ikizama sana upande wa mbele inaweza kuumiza tezi dume. Mwenye mzio wa lozi aseme mapema.

Siku hizi kuna polidokanoli, inayoweza kupigwa hadi iwe povu. Povu linagusa eneo kubwa kwa dawa kidogo. Utafiti uliochapishwa 2013 kuhusu bawasiri ya daraja la kwanza ulipata kwamba baada ya kudungwa mara moja tu, povu lilifaulu kwa asilimia 88 ya wagonjwa, na dawa ya maji kwa 69.

Halafu kuna ya Wajapani, yenye asili ya China: shabu pamoja na tanini. Ndiyo, shabu, ile ya kinyozi. Hiyo hudungwa sehemu nne kwa kila uvimbe na ina nguvu hata kwa bawasiri inayotokeza, kwa hivyo inataka mkono uliofunzwa. Kwa uvimbe mdogo, ni kuua mbu kwa rungu.

Lakini mtaani kwetu mashindano hayako kati ya fenoli na povu. Yako kati ya aibu na daktari. Kondakta wa 58 anakaa na damu mwaka mzima kwa sababu hawezi kumwambia mwanamke wa makamo kwenye meza ya kliniki kinachomuuma. Karatasi ya kwenye nguzo haimuulizi chochote, na hapo ndipo inapompata. Tatizo ni kwamba damu hiyo hiyo inaweza kuwa saratani ya utumbo, na hakuna sindano itakayokuambia tofauti kabla mtu hajakupima.

Kwa hivyo, buda, kabla ya kulala kitandani, uliza mawili: umeangalia ndani? Na hiyo dawa inaitwaje? Akikwambia ni siri, vaa suruali yako uende.