Kuponi za Bwana Hopkins

Wasomaji, leo naweka programu kando niwasimulie historia kidogo. Sisi waandishi wa programu tuna mazoea yetu. Tunakesha miezi sita tukijenga kitu, halafu maneno ya kukiuza tunayaandika kwa dakika kumi, jioni ile ile ya kukizindua. "Programu bora, ya kisasa, yenye kasi." Basi! Kisha tunashangaa mbona watu hawajiandikishi. Kuna bwana mmoja Mmarekani aliyefariki mwaka 1932, asiyewahi kuona tarakilishi, ambaye angetucheka sana.

Jina lake Claude Hopkins. Alizaliwa Michigan mwaka 1866, na sifa zake nyingi alizipata katika kampuni ya matangazo ya Lord & Thomas, Chicago, chini ya bosi wake Albert Lasker. Lasker huyu alikuwa ameshapata somo mwaka 1904 kutoka kwa John E. Kennedy, Mkanada aliyemwambia kwamba tangazo ni kazi ya muuzaji dukani, ila imewekwa kwenye karatasi. Leo hilo laonekana jambo la kawaida. Wakati ule wengi waliona tangazo ni kutaja tu jina la bidhaa mara nyingi na kwa herufi kubwa.

Kisa cha Hopkins ninachokipenda ni kile cha bia ya Schlitz ya Milwaukee. Watengenezaji wa bia wote walikuwa wakipiga kelele moja: bia yetu ni safi. Neno "safi" likaandikwa kubwa, kisha kubwa zaidi, na hakuna aliyelijali. Hopkins hakuanza kwa kuandika. Alienda kiwandani akatembezwa. Akaona vyumba vya vioo ambamo bia ilitiririka juu ya mabomba katika hewa iliyochujwa, ili isipate uchafu. Akaona mashine zikiosha chupa mara nne. Akaonyeshwa visima vilivyochimbwa kwenda chini futi 4,000, ingawa ziwa lilikuwa karibu tu. Akauliza, mbona hamuwaambii watu haya? Wakamjibu kwamba kila kiwanda hufanya hivyo hivyo, hakuna jipya.

Yeye akayaandika. Kwa maelezo yake mwenyewe, Schlitz ilitoka nafasi ya tano ikafikia kulingana na waliokuwa wa kwanza, tena kwa miezi michache. (Huyu alikuwa muuzaji, kwa hiyo hesabu zake mzipokee na chumvi kidogo.) Ukitazama, hakusema uongo wowote. Alisema tu kile ambacho wenzake walidhani hakifai kusemwa. Je, wangapi kati yetu tunahifadhi data za wateja mahali pawili kila usiku, na kwenye tovuti hatulitaji kabisa kwa kuwa "kila mtu hufanya hivyo"?

Lakini kilichonivuta mimi kama mtu wa tarakilishi ni kuponi. Hopkins alikuwa akiweka kwenye tangazo kipande cha kukata na kutuma kwa posta, labda upate sampuli ya bure. Kila tangazo lilikuwa na alama yake ya siri, kwa mfano nambari ya idara ndani ya anwani. Idara hiyo haikuwepo! Barua zikirudi, karani anahesabu: tangazo hili limeleta barua ngapi, lile ngapi, na kila barua imegharimu senti ngapi. Unabadilisha kichwa cha habari tu, mengine unayaacha, unahesabu tena. Haya ndiyo tunayoita leo majaribio ya A/B, ila seva ilikuwa mfuko wa posta. Katika kitabu chake cha mwaka 1923, Scientific Advertising, aliandika kwamba kubadilisha kichwa peke yake kunaweza kuzidisha majibu mara tano hadi kumi.

Sitaki mumwone malaika. Kabla ya hapo alikuwa na hisa katika dawa iliyoitwa Liquozone, na ndiye aliyeandika matangazo yake. Ilidaiwa kuua vijidudu na kuponya magonjwa chungu nzima. Mwaka 1905 mwandishi Samuel Hopkins Adams alifichua katika jarida la Collier's kwamba dawa yenyewe karibu yote ni maji, na tindikali kidogo. Makala zile zilichangia kuleta sheria ya vyakula na dawa ya Marekani ya mwaka 1906. Kalamu iliyouza bia kwa ukweli ndiyo iliyowauzia wagonjwa maji, na kuponi zilihesabika vizuri pande zote mbili. Kuponi haijui kama mteja amepona.

Turuke hadi Desemba 2007. Barack Obama, ambaye huku tulimfuatilia kama jamaa yetu wa Kogelo, alikuwa akitafuta urais. Dan Siroker, aliyetoka Google, aliijaribu tovuti ya kampeni kwa maandishi manne ya kitufe na picha au video sita. Hiyo ni michanganyiko 24, kwa wageni 310,382. Wafanyakazi wa kampeni walipenda video. Video zote zikashindwa na picha! Iliyoshinda ilikuwa picha ya familia yake na kitufe kilichosema "jifunze zaidi" badala ya "jiandikishe". Waliojiandikisha walipanda kutoka asilimia 8.26 hadi 11.6.

Na hapa kwetu? M-Pesa ilianza majaribio Oktoba 2005 pamoja na Faulu, lengo likiwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Waliokuwa kwenye majaribio wakaanza kuitumia kwa mambo mengine, hasa kutumiana pesa. Ilipozinduliwa Machi 2007, tangazo halikuzungumzia mikopo wala teknolojia. Lilisema kwa maneno matatu ya Kiingereza: tuma pesa nyumbani. Yeyote aliyewahi kumkabidhi dereva wa basi bahasha ampelekee mama kijijini, kisha akakaa siku mbili akijiuliza kama imefika, hakuhitaji kuelezwa zaidi.