Kebo ya USB, poti ya siriali na vita vya chipu bandia

Umechomeka kebo ya kugeuza USB kuwa siriali, umefungua PuTTY, na skrini imebaki nyeusi tii. Wengi hapo huilaumu ruta, au muuzaji wa kebo pale Luthuli Avenue. Kabla hujamrudishia kebo yake, hebu tufuate historia ya kifaa hiki, maana wakati mwingine ugonjwa uko kwenye draiva, na uliwekwa humo makusudi!

Tuanzie mbali kidogo. Kiwango cha RS-232 kilitolewa Marekani mwaka wa 1960 na EIA, chama cha viwanda vya elektroniki, ili modemu na teletaipu za watengenezaji tofauti zielewane. Biti hupita moja moja kwenye waya: volti hasi ni moja, volti chanya ni sufuri. Pande zote mbili sharti zikubaliane mwendo mapema, la sivyo utapata herufi zisizosomeka. IBM PC ya 1981 ilitumia plagi ya pini 25. PC AT ya 1984 ikaleta ile ya pini 9 tuliyoizoea. (Wenye Linux, ile "tty" ya /dev/ttyUSB0 ni mabaki ya jina la teletaipu.)

USB ilitoka Januari 1996. Miaka miwili baadaye iMac ikaja bila poti za siriali za zamani, na taratibu tarakilishi nyingine zikafuata. Lakini ruta, swichi, mizani na mashine za viwandani ziliendelea kuzungumza RS-232. Pengo likazibwa na chipu ndogo iliyofichwa ndani ya kebo, mkalimani kati ya lugha mbili. Kampuni mbili zilijipatia jina kwa kazi hiyo: FTDI ya Scotland na Prolific ya Taiwan. Waigaji hawakukawia. Walinakili hata nambari za utambulisho wa chipu ili zitumie draiva ya mwenyewe.

Sasa sikiliza kisa chenyewe. Mwaka wa 2014 FTDI ilitoa draiva mpya iliyowafikia watu kupitia Windows Update. Ilipokutana na chipu bandia, iliandika upya kumbukumbu yake na kugeuza nambari ya bidhaa kuwa 0000. Badiliko hilo hukaa ndani ya chipu, kwa hivyo hata ukiipeleka kebo kwenye tarakilishi nyingine, haitambuliwi. Kelele zilikuwa kubwa, na Oktoba hiyohiyo draiva ikaondolewa. Upande wa Linux, nambari 0000 iliongezwa kwenye orodha ya draiva ili chipu hizo zifanye kazi tena.

Mwaka wa 2016 likaja toleo jingine. Hili halikuua chipu, bali lilitupa data yako na kutuma badala yake maneno "NON GENUINE DEVICE FOUND!" Hebu fikiria maneno hayo yakiingia kwenye mashine ya kiwanda inayosubiri amri!

FTDI walikuwa na haki ya kulinda kazi yao, hilo silipingi. Lakini aliyeadhibiwa si mwigaji. Ni mnunuzi, ambaye hawezi kuona kilicho ndani ya plastiki. Wapiganapo fahari wawili, ziumiazo nyasi.

Basi ukikwama, anza na lsusb, au Device Manager kama uko kwenye Windows. Chipu ya kawaida ya FTDI hujitaja 0403:6001, ya Prolific 067b:2303. Ukiona 0403:0000, umeshajua yaliyoipata. Kisha unganisha pini ya 2 na ya 3 kwa kipande cha waya, zima udhibiti wa mtiririko, uandike chochote. Herufi zikirudi, kebo na draiva ni nzima. Kagua mwendo (ruta nyingi za Cisco husubiri 9600), au ujaribu waya wa kuvuka, ule unaobadilishana pini 2 na 3.

Prolific nao walifuata njia ya kukataa tu: draiva zao mpya huonyesha Code 10 kwa chipu bandia, na baadaye zikakataa hata chipu zao halisi za PL2303HXA, kwa maelezo kwamba ziliachwa kutengenezwa mwaka wa 2012. Ukipata hiyo, rudisha draiva ya zamani, kisha uizuie Windows isiisasishe tena.